Rimoti Ilipotaka Sirius Mwezi wa Saba

Kosa la kwanza nililifanya kwa mdomo. Mpwa wangu, yuko darasa la saba, alikuwa ameshika rimoti ya darubini. Mimi nimeinama nakaza bolti ya mguu. Rimoti ikataka kujua saa. "Anko, saa ngapi?" Nikachungulia simu, nikamjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote: "Saa mbili na dakika tatu." Akaandika 02:03. Rimoti ikauliza tena, AM au PM? Mtoto akaangalia giza, akafikiri, akachagua PM. Basi tulikuwa tumesimama uani kwangu hapa Iringa, tumevaa majaketi, pumzi zinatoka kama moshi, na mashine inaamini kwamba ni saa nane mchana.

Ilikuwa Jumamosi, 5 Julai 2025. Rimoti ikapekua orodha yake ya nyota, ikapendekeza tuanze kuipanga kwa nyota ya Sirius. Nikashtuka. Mwanzoni mwa Julai Sirius inatembea mchana na jua, na jua likizama nayo haikawii. Saa mbili usiku huipati. Lakini mwenye rimoti ni mtoto, ameshabonyeza. Mota zikaanza kuimba, bomba likageuka polepole, kwa kujiamini kabisa, likasimama limeelekea juu ya mwembe wa jirani, mahali pasipo na nyota hata moja ya maana.

Tukarudi mwanzo. Andika 20:03. Safari hii ikachagua Spica. Hiyo naifahamu, ilikuwa karibu na utosi, imeinama kidogo magharibi. Bomba likaenda mashariki. Mpwa wangu akanitazama, hakusema neno, na mimi nikajifanya nakagua waya.

Ilinichukua dakika ishirini kugundua. Tarehe nilikuwa nimeiingiza mwenyewe mapema: 05/07/25. Rimoti hii inasoma mwezi kwanza, siku baadaye, kwa desturi ya Wamarekani. Kwake ilikuwa 7 Mei. Kati ya 7 Mei na 5 Julai kuna siku 59, na kila siku nyota huwahi kuchomoza kwa karibu dakika 4. Zidisha: ni karibu saa 4 za anga, yaani digrii 58. Ndiyo maana Spica yangu ya utosini ilikuwa inatafutwa mashariki. Laiti ingekuwa tarehe 15, rimoti ingekataa, maana hakuna mwezi wa 15. Tarehe 5 ikaipokea bila kulalamika.

Jambo hili sikulielewa kabla, na kwa fundi kama mimi ni aibu. Nilidhani darubini ya kompyuta inaona anga. Haioni chochote. Ndani yake kuna mota mbili, gia, na hesabu. Unaiambia uko wapi, leo ni tarehe gani, sasa ni saa ngapi, nayo inapiga hesabu nyota fulani inapaswa kuwa upande gani. Ukiidanganya inakuamini, halafu inakwenda kwenye uongo wako kwa usahihi wa ajabu. Siku hizi mimi ndiye ninayetaja saa, na nasema "ishirini sufuri tatu" kama mtangazaji wa uwanja wa ndege.

Nieleze nilivyoipata. Kazi yangu ni kutengeneza redio, sabufa na inveta za sola. Mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea mkoani hapa alimaliza mkataba wake, akawa anauza vitu: friji, baiskeli, na hii darubini, ambayo aliniambia ameitumia mara mbili tu kwa sababu "haikai sawa". Bei siitaji, mke wangu anasoma hapa. Kampuni siitaji pia, kwa kuwa matatizo mengi nitakayoyasimulia yalikuwa yangu na ya mahali tulipo, si ya kiwanda.

Bomba ni aina ya Schmidt-Cassegrain, la inchi 8. Kioo cha nyuma kina upana wa milimita 203 na urefu wa fokasi ni milimita 2,032, lakini mwanga unakunjwa ndani, ndiyo maana bomba lenyewe ni fupi, ukiliona limelala unaweza kudhani ni ndoo mbili zimepandanishwa. Lina uzito usiofika kilo 6. Shida si bomba. Shida ni kitako, ile sehemu yenye gia inayolibeba.

Viko vitako vinavyokwenda juu na chini, kulia na kushoto, kama kamera ya ulinzi. Hivyo ni rahisi. Cha kwangu ni kitako cha ikweta. Ekseli yake moja unailaza sambamba na ekseli ya dunia yenyewe. Ukishaipata, mota moja tu inatosha kufuata nyota: inazunguka mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kinyume na dunia, na nyota inatulia kwenye lenzi. Mwenye kamera anaweza kupiga picha ya dakika kadhaa na nyota zikabaki nukta. Ni wazo safi sana. Ila ekseli hiyo lazima iinuliwe kwa pembe ile ile ya latitudo yako, na ielekee ncha ya anga iliyo upande wako, yaani pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka.

Mtu wa London anainua digrii 51 na nusu. Ekseli yake imesimama, mguu mmoja wa stendi uko chini yake, jiwe la mizani, ule uzito unaosawazisha bomba, linaning'inia pembeni, kila kitu kina nafasi. Picha zote za kwenye kitabu cha maelekezo ni za mtu huyo. Iringa tuko digrii 7 na dakika 46 kusini. Ekseli yetu inalala. Ukiitazama kwa mbali unaweza kusema imevunjika.

Kwenye ubavu wa kitako kuna kipimo, kinaanzia 7 na kuishia 77. Saba! Nilipoona namba hiyo nilicheka peke yangu, maana tulikuwa tumeponea tundu la sindano. Rafiki wa Dodoma, digrii 6, angekuwa tayari nje ya kipimo. Wa Mwanza, Nairobi au Kampala ndiyo kabisa. Hao inabidi waunyanyue mguu wa upande ulio kinyume na ncha yao, kitako kizima kiinamie mbele, ndipo wapate digrii mbili tatu, na ikifika hapo stendi inataka kwenda kifudifudi.

Hata kwa digrii 7 na ushee, nililipia. Ekseli ikilala hivyo, nondo ya jiwe la mizani inaning'inia karibu wima mbele ya stendi, juu kabisa ya mguu wa kusini. Jiwe lina kilo 5 na kidogo. Usiku ule wa Julai, baada ya tarehe kunyooka, niliiagiza nyota ya upande wa magharibi. Bomba likapanda, jiwe likashuka, kisha nikasikia mlio ambao fundi yeyote anaujua, ule wa mota inayosukuma kitu kisichosukumika. Jiwe lilikuwa limeegemea mguu. Nikachomoa waya wa umeme kwa kasi ambayo sijawahi kuitumia hata kwa redio inayotoa moshi. Gia zilipona.

Dawa yake ilikuwa kuigeuza stendi: mguu mmoja uende kaskazini, na upande wa kusini iwe nafasi kati ya miguu miwili. Jiwe likapata pa kupita. Lakini sasa uzito wote umeegemea upande usio na mguu, kwa hiyo ninaning'iniza mfuko wa kokoto, kama kilo 6, kwenye mguu wa kaskazini. Mfuko ni wa mchele, umeandikwa Mbeya. Nimezoea.

Usiku ule wa kwanza haukutoa kitu zaidi. Tuliuangalia mwezi, tukaingia ndani.

Tatizo lililofuata ndilo lililomshinda mwenye mali wa kwanza. Maelekezo yanasema: tazama kupitia tundu la ekseli, iweke Polaris katikati. Polaris iko juu ya ncha ya kaskazini, na kwetu imezama chini ya upeo mwaka mzima. Kusini kuna nyota inayoshika zamu yake, Sigma Octantis, lakini ni hafifu, ukubwa wa 5.4 (namba ikikua, mwanga unapungua), kwenye giza la kweli ndipo macho yanaibahatisha. Na hapa Iringa haiko juu. Iko digrii 8 tu kutoka upeo, mahali ambapo kiangazi kuna vumbi, kuna moshi wa watu wanaochoma mashamba, na kwangu mimi kuna kilima. Nimeitafuta mara tano. Sijapata kuiona.

Kwa hiyo lazima uitafute ncha bila kuiona. Nilisoma, nikachora kwenye makaratasi ya risiti, mwisho nikaamua kwamba mjini pana taa nyingi, twende shambani kwa mjomba, njia ya Kalenga. Nikachagua Jumamosi ya 23 Agosti kwa sababu mwezi ulikuwa unaandama siku hiyohiyo, usiku mzima giza. Tulikwenda na bajaji. Stendi na mawe nyuma, bomba nimelipakata limefungwa blanketi, dereva akaniuliza kama mgonjwa anaumwa nini.

Tulifika saa nne asubuhi, mapema makusudi, kwa ajili ya jua. Dira ya simu ukiiweka karibu na chuma chochote inakudanganya, na hata dira nzuri inaonyesha kusini ya sumaku, siyo ya dunia. Kivuli hakidanganyi. Saa tunazotumia Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo 45 mashariki, na sisi tuko 35.7. Tofauti ni digrii 9.3, kila digrii ni dakika 4, unapata dakika 37. Ongeza dakika 2 na sekunde 40 ambazo jua lenyewe huchelewa tarehe ile ya Agosti. Basi adhuhuri ya kweli shambani kwa mjomba ni saa 6 na dakika 40, na dakika hiyo kivuli cha kitu kilichosimama wima kinalala kwenye mstari wa kaskazini na kusini.

Nikafunga timazi kwenye tawi, uzi wenye nati kubwa ya lori. Agosti jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli kinaangukia kusini, upande tunaoutaka. Ila ni kifupi, na kinakimbia. Jua likiwa juu hivyo, ukichelewa dakika moja kivuli kimeshahama robo tatu ya digrii. Mpwa wangu alikaa na simu anahesabu sekunde kwa sauti, mimi nina vigingi viwili na nyundo. "Sasa!" Nikapiga. Tukavuta uzi wa mwashi kati ya vigingi.

Mjomba alikuwa amesimama kando muda wote na mikono nyuma. "Mnapima kiwanja?"

"Hapana mjomba, tunatafuta kusini."

"Kusini ni kule," akaonyesha kwa kidevu. "Na hili shamba lina hati, msije mkaniletea mgogoro."

Kidevu chake, nilikipima baadaye, kilikosea kama digrii 10 tu.

Tukaweka stendi juu ya uzi, nikasawazisha kwa pima maji, nikailaza ekseli hadi alama ya karibu 8, nikaondoka. Bomba lilibaki limefunikwa, kifuniko hakitoki mchana. Jua lililokusanywa na kioo cha inchi 8 litakutoboa jicho kabla hujasema ah.

Usiku ndipo kazi yenyewe. Jua lilizama saa kumi na mbili na nusu na dakika chache, na ilipofika saa moja na dakika 25 giza lilikuwa limetosha. Kivuli kinakufikisha ndani ya digrii moja hivi, haitoshi. Unaimalizia kwa kuangalia nyota inavyoteleza. Wazo ni hili: kama ekseli yako haiko sambamba na ya dunia, nyota haitatulia, itateleza kidogo kidogo kwenda kaskazini au kusini, na huo mwelekeo wa kuteleza unakwambia umekosea wapi. Ekseli ikikosea digrii 1, nyota inateleza hadi sekunde 15.7 za tao kila dakika (digrii moja ina sekunde 3,600 za tao). Kwa macho matupu huoni kitu. Kwa darubini inayokuza mara 81 unaona.

Unahitaji lenzi yenye msalaba ndani. Zinauzwa, zina kitaa chekundu na bei yake. Mimi nilifungua lenzi yangu ya milimita 25, nikachukua uzi mmoja wa rasta za mke wangu (aliniona, akatikisa kichwa), nikaukata vipande viwili na kuvibandika kwa gundi juu ya kile kipete cha ndani, vikatane katikati. Uzi wa rasta una unene mzuri, hauna vinyweleo kama wa pamba. Gizani hauonekani, hivyo unaivuruga fokasi kidogo, nyota inakuwa duara la mwanga, na duara likigawanywa na nyuzi mbili unapata robo nne. Robo zikianza kutofautiana, nyota imehama.

Nyota ya kwanza ilikuwa Cebalrai. Ina sifa mbili: iko karibu na ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, digrii 4 na nusu tu kaskazini yake, na saa ile ilikuwa inakaribia kuvuka mstari wa katikati ya anga, ule wa kaskazini na kusini, juu kabisa. Nyota ya hapo inakupa kosa la mashariki na magharibi. Nikaiweka msalabani, nikavuta kiti cha plastiki, nikasubiri. Kabla hata ya dakika tatu, robo mbili za upande mmoja zilikuwa zimenenepa.

Upande gani? Kwenye lenzi kila kitu kimepinduka, usijitie kuhesabu. Lisukume bomba kidogo sana kwa kidole kuelekea kaskazini: upande nyota inakokimbilia ndani ya lenzi ndio kusini ya picha. Yangu ilikuwa imeteleza kaskazini. Na kwa sisi wa kusini ya ikweta kanuni ni kwamba nyota ya juu ikiteleza kaskazini, ekseli imeelemea mashariki mno. Ikiteleza kusini, imeelemea magharibi. Nikalegeza skrubu moja, nikakaza mwenzake, robo ya mzunguko. Rudisha nyota katikati, subiri tena. Mara ya tatu ilikaa dakika kumi bila kutikisika.

Kisha unageuka mashariki, unatafuta nyota iliyo chini chini, karibu na ikweta ya anga. Nikatumia Sadalmelik, ya kundi la Dalu, kama digrii 20 juu ya upeo. Hii inakupa kosa la urefu. Ikiteleza kusini, ekseli imeinuka mno. Ikiteleza kaskazini, imelala mno. Yangu iliteleza kusini, polepole. Nikashusha nywele moja. Nikairudia Cebalrai kuhakikisha, kwa kuwa ukigusa bolti hii na ile inajibu. (Mnaosoma mkiwa Gulu au Lodwar, kaskazini ya ikweta, geuzeni kanuni zote mbili.)

Saa nzima na robo ilikwisha hapo. Mpwa wangu alikuwa amelala kwenye mkeka. Sitakuficha, kuna programu za simu na za kompyuta ambazo zinapiga picha tatu za anga na kukwambia kosa lako kwa dakika tano, na hata rimoti yangu ina menyu ya kunyoosha ekseli kwa nyota yoyote. Hiyo menyu nimeijaribu. Inataka nyota iliyo kwenye mstari wa katikati na karibu na ikweta ya anga, na kwetu nyota za namna hiyo ziko karibu na utosi, mahali ambapo ukiisogeza stendi kulia au kushoto nyota haihami hata kidogo. Anayeishi digrii 45 anafurahi nayo. Hapa, kiti cha plastiki na uzi wa rasta.

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Rimoti ikapewa nyota mbili za magharibi, Arcturus na Antares, kisha nikaongeza mbili za mashariki, Altair na Vega, ili ijue pia makosa ya bomba lenyewe kutokaa sawasawa kwenye kitako. Jambo moja dogo ambalo halimo vichwani mwa wengi: unapoweka nyota katikati, mwendo wako wa mwisho uwe siku zote kwa kitufe cha juu na cha kulia. Gia zina pleyi, kama usukani wa gari kukuu. Ukimalizia kila mara kwa upande uleule, pleyi yote inabaki upande mmoja na haikusumbui.

Halafu betri. Ya kwanza niliyoleta ilikuwa ya pikipiki, volti 12, ndogo. Mota zote mbili zikikimbia kwa kasi zinaweza kula hadi ampea 3 na nusu. Nikaagiza Omega Centauri, lundo la nyota, bomba likaanza safari, volti zikaanguka, rimoti ikazima na kuwaka upya na salamu yake ya kwanza, haikumbuki nyota hata moja. Nilikaa chini. Mjomba, bila kuulizwa, akaenda kuchomoa betri ya sola inayowasha taa za nyumba, akaileta begani. Ndani wakawasha kibatari. Tangu siku hiyo siji shambani na betri ya pikipiki.

Tukapanga nyota upya, robo saa. Omega Centauri ilikuwa imeshashuka kusini magharibi, kama digrii 15 tu, tukaiwahi. Kwa macho ni ukungu kidogo. Kwenye lenzi ni kama mtu amemwaga sukari juu ya kitambaa cheusi: mamilioni ya nyota, umbali wa miaka ya nuru kama 17,000. Mjomba aliangalia kwa muda mrefu sana, jicho lile lingine amelifunga kwa kiganja. "Na hizi zote zina wenyewe?" Nikasema sijui. "Basi na huko kuna hati," akasema, akaenda kukaa.

Saa nne na nusu sayari ya Zohali ilikuwa imepanda vya kutosha. Nikabonyeza. Kutoka magharibi kwenda mashariki kitako hiki hakipiti njia fupi. Kinapindua kila kitu, jiwe linapita chini na kutokea upande wa pili, bomba linageuka mgongo, na kwa nusu dakika huwezi kujua kinakwenda wapi. Mjomba alisimama na kurudi nyuma hatua tatu. Bomba likatulia. Nikachungulia, Zohali iko ndani ya lenzi, si mbali na msalaba wa rasta.

Mwaka 2025 ulikuwa mwaka mbaya wa kumwonyesha mtu pete, au mzuri, inategemea. Tarehe 23 Machi dunia ilipita sawasawa na bapa la pete, na Agosti bado tulikuwa tunaziona karibu ubavu wake. Badala ya ile sayari ya kwenye vitabu, tuliona ndimu ndogo ya njano iliyochomwa njiti. Pembeni nukta moja, mwezi wake Titan. Mpwa wangu, ameamka sasa, alikataa kuamini kwamba njiti hiyo ndiyo pete, nikamchorea kwa sahani na tochi.

Mke wa mjomba akatuita kula, makande. Nikaiacha darubini ilivyo, mota inatambaa, mlio wake mdogo kama mbu. Tulikula, tukanywa chai, mjomba akaleta ulanzi wake akaanza kusimulia mambo ya mipaka ya mashamba, zikapita dakika arobaini. Niliporudi uani niliogopa kuchungulia. Ndimu ilikuwa imesogea kidogo kutoka katikati, haijafika hata nusu ya njia ya kwenda ukingoni. Bila mota ingetoka kwa dakika moja na robo. Nilimwita kila mtu arudi aone kitu ambacho tayari walikuwa wamekiona, na hakuna aliyeelewa nafurahia nini.

Kabla ya kulala tulichimbia tofali tatu, moja chini ya kila mguu, usawa wa ardhi, na nikapaka bolti ya urefu alama ya rangi ya kucha. Safari ijayo nusu ya kazi itakuwa imefanyika.

Saa kumi alfajiri Bibi alitoka na khanga mbili mabegani. Ni mama yake mjomba, mama wa mama yangu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hamjalala?"

"Tumelala kidogo."

Akaizunguka darubini, akaigusa mfuko wa kokoto. Akasema zamani hawakuwa na kalenda ukutani, walikuwa wakiangalia Kilimia, na jina lenyewe linakwambia kazi yake. "Nionyeshe Kilimia na hiyo."

Kilimia ilikuwa kaskazini mashariki, nusu ya njia ya kwenda utosini, inang'aa. Nikaitafuta kwenye orodha ya rimoti, huko inaitwa M45, ENTER. Kitako kikapinduka, kikatulia, nikamshika mkono nikamwekea kiti. Akainama. Sikuwa nimefikiri. Lenzi ile inaona dakika 37 za tao, zaidi kidogo ya nusu digrii, na Kilimia imetapakaa karibu digrii 2.

Bibi alitazama, akainua kichwa akaangalia angani, akarudi kwenye lenzi.

"Mbona umezipunguza?"

Akainuka, akajifunga khanga vizuri, akasimama palepale anaziangalia kwa macho yake, anahesabu kwa kidole, mpaka jogoo wa jirani akawika.